Na Mama Watoto Alisema Nini?

Kericho,
Jumapili jioni.

Mke wangu mpenzi, Mama Wakesho,

Hamjambo huko nyumbani? Naulizia kwanza magoti ya Mama, kisha kikohozi cha Wakesho, kisha Baba na redio yake, na mwisho kabisa wewe, ingawa kwa haki ningeanza na wewe. Mimi ni mzima, ila nguo hazikauki. Huku mvua inakuja kila alasiri kama mtu aliyeandikwa kazi, na soksi zangu nazianika juu ya jiko.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ikilia nyumba nzima inakusanyika, nawe unabaki kunijibu "ndiyo" na "sawa" tu. Barua hii atakuletea Mwakio, mwalimu mwenzangu anayekuja huko kwa ruhusa ya siku chache, na nimemwambia aiweke mkononi mwako pale pale sokoni Mwatate, si kwingine.

Najua unangoja jibu. Uliniuliza waziwazi: ufunge kibanda chako cha cherehani ukae nyumbani na Mama, kama Baba mkweo anavyotaka, au usifunge? Nami kila ulipouliza nilikwambia tutaongea. Nimekuweka njia panda muda mrefu, na ninajuta. Lakini kwanza nikusimulie jambo lililonitokea huku, maana bila hilo nisingeshika kalamu leo.

Unalijua darasa langu la Jumamosi, lile la biashara, la wakulima na wachuuzi. Siwaandikii noti ubaoni. Nawapa kisa cha mtu mwenye biashara aliyefika mahali lazima aamue, wanakisoma, halafu wanabishana mpaka saa ya chakula. Mimi nauliza tu, jibu sitoi. Anayeongea anapata alama, anayenyamaza hapati. Nilipokueleza mara ya kwanza ulicheka mpaka ukashika ukuta: "Kwa hiyo unalipwa kuuliza maswali?"

Basi katika darasa hilo kulikuwa na mzee mmoja wa Kimulot, anaitwa Arap Sang. Ana shamba lake la chai, si kubwa, na ng'ombe wa maziwa. Ujana wake alitaka sana chuo, lakini yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, baba yake akafa, akabaki kulea wadogo zake. Sasa wadogo wamekua, naye akaja kujiandikisha. Alikuwa anavaa koti na tai, anakaa mbele kabisa, na kalamu yake ameichonga kabla sijaingia. Kila kisa nilicholeta, hata kiwe cha kiwanda, alinyoosha mkono akauliza swali lile lile: "Mwalimu, na mama watoto alisema nini?"

Darasa lilikuwa linaangua kicheko, na mimi pia. Namjibu, "Haijaandikwa, mzee," kisha naendelea na mambo ya mtaji.

Muhula huu wanafunzi walipungua, nikaunganisha kundi la jioni la somo hilo hilo na la Jumamosi. Kundi la jioni lilikuja na mama mmoja kijana, Chelangat, mwenye kazi za kuandika nzuri kuliko zote. Lakini Jumamosi alikaa nyuma, pembeni, uso kwenye karatasi, hasemi neno. Nikadhani ni haya. Nikasema moyoni, huyu nitamfungua mdomo.

Kisa cha siku hiyo kilikuwa cha baba mwenye shamba la chai na vijana wawili waliooa. Je, awagawie, au wachume pamoja chini ya jina lake? Arap Sang alisimama, akarekebisha tai.

"Shamba ikae pamoja. Ukigawa chai kila mtu abaki na mistari mbili, hiyo si shamba tena, ni fensi."

Watu wakampigia makofi. Mimi nikageuka nyuma nikanyoosha kidole: "Chelangat, mjibu mzee."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia kuna alama hapa, na leo sitakuacha. Darasa likanyamaza ghafla. Mama Wakesho, ningekuwa na akili timamu kimya kile kingenitosha. Mimi nikafurahi, nikadhani wanafikiri.

Akasimama. Alianza kwa sauti ya chini, macho sakafuni.

"Mwenye kuchuma hajaulizwa. Hao vijana wako kazi mbali. Wale wanaamka kuchuma ni bibi zao, na malipo inaingia kwa jina ya mzee. Huyo mama akitaka hata sabuni, anaomba. Sasa kama hii ni biashara, yeye ni mfanyakazi, ama ni nani?"

Hakupigiwa makofi. Nilimsifu peke yangu, kwa sauti kubwa, kama mpumbavu. Arap Sang alichukua kofia yake, akasema, "Mwalimu, nimesikia," akatoka.

Odhiambo, karani wa kiwandani, ndiye aliyenishika mkono mlangoni. "Mwalimu, kwani hukujua? Huyo ni bibi ya kijana yake. Hapa mtu kama huyo hata jina ya mzee hawezi taja, na wewe umemwambia ambishie mbele ya watu!"

Kwenye orodha yangu kila mtu alikuwa na jina lake. Ningejuaje? Lakini hilo ni la kujitetea tu. Watu wote darasani walijua, na mimi ninayelipwa kuuliza maswali sikuuliza.

Jumamosi iliyofuata hawakuja wote wawili. Ile iliyofuata, vivyo hivyo. Nililala vibaya. Akilini nilimwona Chelangat akirudishwa kwao kwa ajili ya alama zangu. Kisha jana akaja, peke yake. Alikaa pale pale nyuma, lakini aliongea, na akaongea vizuri. Sikuthubutu kumuuliza kitu.

Leo baada ya kanisa nimekwenda Kimulot kuomba msamaha. Nimefika na matope mpaka magotini. Mzee alinipokea vizuri, akaniketisha sebuleni, redio inasoma matangazo ya vifo. Nikatoa maneno yangu niliyoyapanga njiani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sina hasira. Huyo mtoto aliongea ukweli. Lakini mimi nikiwa pale, hawezi kuongea tena, na asipoongea hapati alama. Wewe ndio ulisema. Yeye ako na miaka mingi mbele. Sasa mtu mmoja abaki nyumbani. Nimebaki mimi."

Nikamsihi arudi, nitawatenganisha tena. Akasema kundi ni moja siku hizi, na mwenye kuliunganisha ni mimi. Hakulisema kwa ubaya. Koti lake la darasani lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma yake, na tai ndani ya mfuko. Niliumia, mke wangu. Nilitamani anifukuze.

Chai ikaletwa na mama mwenye nyumba, akarudi jikoni. Mara mzee akainuka, akazima redio, akaweka kidole mdomoni, kuniashiria nitulie.

Kutoka jikoni, ng'ambo ya ukuta wa mbao, nikasikia sauti ya Chelangat. Alikuwa anamsimulia mama mkwe wake jambo, kwa Kipsigis, lakini kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. Kipsigis sijui, ila nilishika "Kedowa", nikashika "mkopo", nikashika "pikapu". Ni kisa changu cha jana! Mchuuzi wa viazi wa Kedowa anayetaka kukopa anunue pikapu. Alikisimulia chote, pamoja na waliobisha na walichosema, na mama anaitikia tu "eeh". Mzee alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, chai inapoa. Chelangat alipomaliza, mzee akamwita mkewe kupitia ukuta, akamuuliza kitu. Jikoni wakanong'onezana, kisha mama akajibu.

"Nimeuliza mama watoto alisema nini," mzee akanifasiria. "Anasema mwalimu hakusema."

Akaniangalia. Safari hii hakuna aliyecheka. Mke wa yule mchuuzi wa Kedowa sikumwandika kabisa. Nimenywa chai yangu baridi nikaaga.

Sasa nimekaa hapa na taa, nikikumbuka simu zetu. Baba ameniambia anavyotaka. Mama ameniambia magoti yanavyouma. Mimi nimewaza bei ya kukodi kibanda na mshahara wa msichana wa kumsaidia Mama. Kila mtu nimemsikia, na wewe mwenye cherehani sijakuuliza hata mara moja unataka nini. Nisamehe. Usifunge kibanda kwanza. Baba asikuhimize mpaka nifike, nami nafika tukifunga muhula.

Nisalimie Mama, mwambie nimepata dawa ya kuchua magoti. Msalimie dada yangu anayekaa na watoto wa shule, na shemeji yako fundi baiskeli, na mjomba mwenye kutuuzia mahindi. Wakesho mwambie baba yake anajua kuendesha pikipiki kwenye matope, hata kama si kweli.

Siku nitakayofika, mimi nitakaa sebuleni na Baba. Wewe ukae jikoni na Mama, umweleze yote, tangu mwanzo, kwa sauti, kama unayemweleza mtu asiyesikia vizuri. Redio nitaizima mimi.

Wako anayekukumbuka,
Baba Wakesho