Kilima cha Maman Furaha

Jumanne

Déo, fundi umeme wa mtaa wa Molenbeek, ameniambia kwa simu kwamba baba yake alizaliwa kilima cha Kanyarusha. Ndiko alikozaliwa pia Maman Furaha, anayemtafuta mtoto wa marehemu kaka yake tangu vita!

Muda wote wa kumsaidia kutafuta nilikuwa naulizia jina la ukoo, na kwetu hata ndugu wa tumbo moja hawabebi jina moja. Mwenzangu wa ofisini, Mwairlandi, ndiye aliyenizindua. Kwao jina moja hujaza wilaya, kwa hiyo mtu huulizwa ametoka kipande gani cha ardhi, maana kila kipande kina jina lake. Ndipo nami nikaanza kuulizia kilima.

Nikampigia Maman.

"Eeh! Bon, ule mutoto iko na mwanya kama baba yake?"

Hilo sikuuliza. Kilima kina watu wengi, huenda si yeye, lakini usingizi sina.

Wanaonana Jumamosi, saa nne asubuhi, kituo cha metro cha Porte de Namur.