Masizi ya Tabora

Mjukuu wangu, mume wangu Sipho,

Huku Joburg sisi wazima. Babu yako bado anagombana na simu ya mkononi uliyomwachia.

Eti Jumamosi nzima unasugua injini kuukuu ya treni ya mvuke huko Ayalandi, bila malipo, halafu unaniuliza kama naikumbuka ya kwetu Tabora. Niikumbuke kwa lipi? Baba alichochea moto wake, sisi tukala masizi. Ikipiga honi tu, mbio kuanua nguo.

Treni ya kwanza ya dizeli ilipoingia, tulianua vilevile. Tukasimama na shuka mbichi mikononi, tukingoja moshi usiokuja. Jioni baba akarudi msafi. Mama, aliyeyalaani masizi miaka yote, akaipokea ovaroli ya baba kama mfiwa apokeaye nguo ya marehemu.

Labda hao wazee unaosugua nao walikuwa na mama kama huyo. Endelea basi. Ila ovaroli yako fua mwenyewe.

Bibi yako