Mlio wa Baba Kwenye Ngazi

Kambini, Udzungwa
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku mlimani inanionea.

Mama, ngolaga wananikimbia. Wale nyani wa kijivu ambao hawapatikani popote duniani ila milima hii. Walimzoea Baba, lakini tangu tumzike hawakai na mtu. Natembea taratibu, sikanyagi hata kijiti kikavu. Nikiwakaribia tu, mmoja anapiga yowe, wote wanapotea. Afande Anaeli, mkuu wetu, amesema wasiponizoea hadi mwisho wa Agosti, kazi ya Baba ya kuwazoesha na watu anapewa mwingine. Naitaka sana kazi hii, Mama.

Mwanao,
Violeth


Kariakoo
23 Juni 2024

Mwanangu Violeth,

Marahaba. Kifua kimepoa, tangawizi ya jirani yetu Shanta imesaidia. Vitenge vinatoka kiasi.

Hivi wewe, mtoto wa Kariakoo, hujui anayekujia kimyakimya kwa nyuma ni mwizi? Hao nao wana chui wao. Baba yako alikuwa hanyemelei. Akija likizo, tangu ngazi za chini anagonga ulimi, ko-ko-ko, nami namfokea, "Zakayo, mimi siyo nyani wako!" Anaingia anacheka, na mkungu wake wa ndizi begani. Aliniambia ndivyo anavyowapigia hodi wa msituni. Jaribu.

Kiti chako cha dukani nilishakipangusa, nikijua unarudi. Basi, nitakikalia mwenyewe.

Mama yako


Kambini, Udzungwa
18 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya, sikuwa na cha kukuandikia.

Kumbe! Mimi nilidhani ule mlio ni wa nyumbani kwetu tu. Mwanzoni walikimbia vilevile. Nikaendelea kugonga ulimi hadi ukauma. Juzi jike mmoja, mtoto wake ameng'ang'ania tumboni, aligeuka, akanitazama, akarudi kwenye matunda yake. Wengine nao wakatulia. Nikakaa chini nikalia, wala hawakujali. Afande Anaeli akasema nyuma yangu, "Haya, binti Zakayo, usitulowanishie msitu. Kazi ni yako."

Krismasi nakuja.

Mwanao,
Violeth


Kariakoo
1 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma dukani, mteja akasubiri mpaka nikamaliza.

Ukija, usipige hodi mlangoni. Anzia ngazi za chini, kama yeye. Mimi nitakuwa jikoni. Nitakufokea.

Mama yako