Moshi Uliokuwa Unasikiliza Redio

Nakuru,
Jumatano asubuhi.

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote walioko nyumbani Sachangwan. Natumaini hewa ya Kamere bado inakufaa, kikohozi kimepungua, na watoto wa dada Fancy wanakuacha upumzike mchana. Mimi ni mzima. Barua hii inaletwa na Odero wa ofisini kwetu, anayekuja huko kukagua kipimo cha mvua. Sikutaka kupiga simu, kwa sababu dada yangu huiweka kwa spika, na siri zote za familia hii zimepitia hapo.

Uliniuliza kama unaweza kurudi nyumbani Jumamosi. Swali hilo limenikosesha raha, maana mimi ndiye niliyekuambia mapema mwezi huu kwamba moshi umekwisha. Moto wa msituni uliokuhamisha nyumbani ulikuwa umezimwa, na kwenye picha za setilaiti sikuona hata alama moja ya joto. Katika utabiri wa eneo letu, ule unaosomwa redioni jioni, niliandika kwamba hewa baridi inaingia, usiku anga litakuwa wazi, pande za Molo zitapata sakitu, umande unaoganda na kuchoma mimea, na moshi uliobaki utapeperushwa. Sakitu ilikuja. Moshi haukuondoka. Madereva wa malori walipiga simu redioni wakilalamika kwamba asubuhi pale kwetu hawaoni hata magurudumu yao, na mmoja akauliza kama huyo msichana wa hali ya hewa amewekewa dirisha ofisini.

Odero alicheka siku nzima. Mimi nilitaka kujua. Moshi unatoka wapi ikiwa hakuna moto? Nililinganisha asubuhi zenye moshi na zile zisizo nao mpaka chai yangu ikapoa, kisha nikaona jambo la ajabu: moshi ulikuja tu asubuhi ambazo nilikuwa nimetabiri sakitu. Hata ile moja niliyokosea, nikasema sakitu na isije, moshi ulikuja. Ni kama ulikuwa unasikiliza redio.

Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda nyumbani. Jioni redio ilisoma utabiri wangu, sakitu tena, na alfajiri niliamka nikafuata harufu. Haikuwa harufu ya mierezi ya msituni. Ilikuwa ya mabua ya ngano yaliyoloweshwa. Nilipanda mpaka shamba la viazi, kule juu ya nyumba, nikamkuta Baba katikati ya marundo yanayofuka, redio ndogo ikining'inia shingoni. Ng'ambo ya barabara mashamba ya akina Muiruri yalikuwa yanafuka vivyo hivyo.

Baba aliona haya kidogo. Alinieleza kwamba Babu, alipokuwa kibarua katika shamba la mzungu, alikuwa akikinga miche ya pareto hivyo hivyo: moshi mzito unalala juu ya majani kama blanketi, sakitu isiyachome. Muiruri akapaza sauti kutoka ng'ambo kwamba mzee amewachosha, kwamba kila jioni anapita nyumba kwa nyumba akitangaza kuwa binti yake amesema sakitu, basi ni sakitu, na anayebisha ajiandae kuvuna majani yaliyochemka.

Unakumbuka jina alilonipa nilipochagua masomo haya, Mwalimu wa Mawingu. Miaka yote hiyo sikujua kama ananisikiliza. Nilisimama pale nikiwa na furaha nisiyojua niiweke wapi.

Hata hivyo, tuliposhuka kunywa chai, ilibidi nimwambie. Alfajiri hewa baridi huteremka mlima kama maji. Moshi wa ng'ambo unateremkia mtoni, lakini wa kwetu unashuka moja kwa moja hadi nyumbani, unaingia chini ya mabati na kukaa chumbani kwako. Nilimwambia kwamba kwa kifua chako huwezi kurudi humo. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza sakitu itarudi lini, nikasema Jumanne alfajiri, na itakuwa kali. Alimaliza chai yake akaenda kumwangalia ng'ombe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Jana Baba alikupigia simu akakuambia kwamba viazi vimeshikwa na ugonjwa wa majani. Fancy ananiambia ulimgombeza kwa uvivu wa kupiga dawa mpaka simu ikakatika, naye hakujitetea.

Si kweli, Mama. Hakuna ugonjwa. Jana hiyo hiyo asubuhi Muiruri alinipigia akiuliza kama mzee anaumwa, maana ng'ambo nzima ilifuka lakini kwetu hakukuwa na moshi. Alimwona amesimama shambani, mikono mfukoni, mabua yamepangwa tayari na hayajawashwa. Alibaki hapo mpaka jua likachomoza na viazi vikageuka vyeusi, shamba lote. Muiruri alipovuka kumuuliza, alijibu tu kwamba mama ya watoto anataka kurudi.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, njoo Jumamosi. Naiona sakitu nyingine Ijumaa, lakini kwetu hakuna tena cha kukinga.

Nisalimie Fancy na watoto, na umpe Odero chai kabla hajarudi. Ukifika nyumbani usimwambie Baba kwamba unajua. Mgombeze kidogo tena kuhusu dawa, asije akashuku. Kisha ufungue dirisha la chumbani, akuone ukilifungua.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Chepngeno