PK Arobaini, Njia ya Mutshatsha

Kolwezi, Jumatatu 4 Novemba 2024

Ngoie, mke wangu,

Bukari, ugali wetu, imeungua tena. Ukoko nimeutupa, wewe ndiye uliyekuwa ukiukwangua. Kesho nakuja kukutafuta. Treni ilipokwama na homa ikakuchukua, abiria walikuzika kando ya reli. Wakaniletea neno moja: PK arobaini, kilomita ya arobaini. Nimengoja gari miezi mitatu. Nataka kuona mahali. Basi.

Jumanne 5 Novemba

Jeep ya jirani yetu, Tata Mutombo. Barabara ya zamani, inafuata reli. Mvua. Tumepita stesheni isiyo na paa, halafu tangi lililokuwa likinywesha treni za moshi. Hapo, uliniambia, mama yako alikununulia sandali nyekundu. Sasa ni majani tu.

PK arobaini: jiwe jeupe, shamba la mihogo. Nimetafuta kati ya barabara na reli mpaka magoti yakauma. Hakuna kaburi.

Jumatano 6 Novemba

Tumelala parokiani. Asubuhi mzee mmoja, fundi wa reli wa zamani, ametuuliza tunatafuta nini. Nikamwambia.

"Tata, PK ya reli ao ya barabara?"

Sikujua kwamba ziko mbili.

"Ya barabara inaanzaka ku Kolwezi. Ya reli inaanzaka mbali kabisa, na siye tunatajaka namba mbili za mwisho tu. Arobaini yetu iko kule mbele. Ilikuwa na kibao cha chuma. Bibao byote balikata, bakauzisha."

Tata Mutombo akasema basi tutahesabu mataruma, yale magogo ya chini ya reli.

"Hesabu, tata," mzee akamjibu. "Ukimaliza, uniambie na miye."

Hata mimi nilicheka. Halafu nikaona aibu.

Tumekwenda mbele hadi giza. Vilima vitatu vya udongo kando ya reli, mbalimbali, bila jina. Kila kimoja kingeweza kuwa wewe. Nimesali kwenye vyote. Sikuamini hata kimoja.

Alhamisi 7 Novemba

Tumerudi.

Jumapili 10 Novemba

Sitakwenda tena. Sijui niende wapi.

Baada ya misa nimesimama stesheni. Treni ya Mutshatsha imeondoka, watu wamekaa juu ya magunia, wanachekeshana. Watapita karibu nawe bila kujua. Labda mimi pia nilipita hivyo.

Mimi sijui ulipo, Ngoie. Wewe nyumba yetu unaijua. Njoo wewe, unikumbuke.