Mtani Wangu Bado Anaandika

Mshauri mpendwa, Mama Inonge,

Kwa kawaida watu ndio huniomba mimi msaada, maana hapa Kabwe hakuna diwani anayepita bila kuuliza mimi Nzima nimesema nini, na hata huko juu bei ya unga haipandi kabla hawajachungulia nimeandika nini Insaka, lile baraza letu la simuni lenye watu mia nne, tunakobishana siasa, mahari, mpira na umeme unaokatika, na nikishaandika mimi hakuna anayethubutu kuongeza neno, wote kimya. Leo naomba msaada mimi.

Humo nilikuwa na mtani wangu, Bwembya, Mbemba wa Kasama, nami ni Mngoni, hatujaonana uso kwa uso hata siku moja lakini tulitukanana kila jioni miaka na miaka. Nikiandika kwamba mbunge wetu mwizi, yeye hapo hapo: "Kelele, Mngoni! Panya wote wa Chipata wamekimbilia Malawi kwa jinsi mnavyowachimbua na kuwala, nani mwizi?" Nami: "Nyie Wabemba tumbili akipita mnamwita kitoweo, kura mtazijulia wapi?" Siku moja akaniuliza, "Nikifa, mtani, utanichimbia kaburi? Maana mashimo ya panya unayaweza." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Nakuja na jembe langu, la kwanza kuingia udongoni ni langu, na sibanduki juu ya kaburi mpaka shemeji anipe kuku."

Mwezi wa sita, kwenye baridi ile, akafa kweli. Mkewe akanipigia: "Mngoni, kaburi linakusubiri wewe ulianze." Nikamwambia nimeitwa na waziri, nikaongeza na mgongo unaniuma. Sikwenda.

Sasa Mama, wiki ile ile ya maziko nikaandika Insaka habari ya umeme, kwa mazoea nikamalizia na tusi la tumbili, mara naona juu ya kioo: Bwembya anaandika. Nikangoja. Maneno hayakuja. Ikazimika, ikawaka tena, anaandika, kama mtu anayetafuta neno, na tangu hapo kila nikiandika mimi naye anaandika na hakuna kinachofika. Nikauliza kikundi kizima, jamani, nani mwingine anaona? Wakaendelea na bei ya unga kana kwamba sikusema kitu, mpaka nikajipapasa uso nijue kama nipo.

Nikampigia shemeji. "Simu yake? Iko kabatini, kioo kimepasuka, haijatiwa chaji tangu afe." Kisha akasema taratibu: "Ila lile kaburi, shemeji, linatitia upande wa kichwani. Tunajaza udongo, unashuka. Tunajaza, unashuka."

Juzi mchana nimekaa kwa kinyozi, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka namba ya Bwembya. Jembe linagonga udongo. Likagonga, likanyamaza, kama mtu anayempisha mwenzake naye apige. Likagonga tena, likanyamaza tena. Kinyozi akasimamisha mashine, akauliza, "Bamdala, mzee wangu, nani huyo analima?"

Nijitoe Insaka? Nibadili namba? Nifanyeje?

Lackson Nzima, Kabwe

MAMA INONGE ANAJIBU

Mzee Nzima, pole kwa msiba. Mimi ni Mlozi, mambo yenu ya panya na tumbili hayanihusu, lakini uongo naujua hata ukija umevaa suti. Waziri hakukuita. Na mgongo unaoweza kukaa kwa kinyozi ungekaa hata kwenye basi.

Nani anaandika, sijui. Huenda kijana wa nyumbani amechomoa laini ya marehemu akaitia kwenye simu yake. Mwambie shemeji aangalie leo. Lakini hata wakiikuta laini mahali pake, jibu langu ni lile lile. Uliahidi, hukutimiza. Usihangaike kubadili namba: anayekutafuta hakutafuti kwa namba.

Panda basi la Kasama wiki hii. Beba jembe lako mwenyewe, usiazime la huko. Ukifika kwa shemeji usikae kitini, nenda kwanza kaburini. Jaza ule upande wa kichwani, ushindilie kwa miguu yako. Kisha mtukane marehemu kwa sauti, yeye na tumbili wake wote, watoto wake wasikie wacheke, maana nadhani hakuna aliyewachekesha tangu mwezi wa sita. Kuku usidai. Ukimaliza, futa namba yake papo hapo.

Na jambo moja. Umeniandikia mengi sana, lakini kwa nini hukwenda hujasema. Sema.

NZIMA AANDIKA TENA

Mama Inonge, jembe nimelinoa, tiketi iko mfukoni, naondoka kesho alfajiri. Nitawatukana Wabemba mpaka waite polisi. Shemeji ameangalia: laini imo mle mle ndani ya simu yake, na simu haiwaki.

Lakini hilo la kufuta namba, unisamehe, nipe muda. Sikwenda kwa sababu nilijua nikishatia ule udongo, basi. Nilikuambia kwamba nikiandika Insaka watu wote hukaa kimya. Hiyo ni kweli, Mama. Katika wote wale mia nne, aliyekuwa akinijibu ni Bwembya tu.