Nyuma ya Mlango wa Buluu

Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Dowa
Jumapili, 9 Novemba 2025

Ndugu yangu Émile,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini karatasi hii itakukuta huko Nampula ukiwa mzima, na kile kikohozi cha Agosti kimekwisha kukuacha. Huku tunapumua. Mvua bado haijanyesha na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, lakini Arlène wako ameota meno mawili ya mbele, anayaonyesha kwa kila mpita njia kama mtu aliyenunua redio mpya. Mama yangu Annuarite anakusalimu sana, anauliza kama huko unapata sombe ya majani ya muhogo au umeshasahau ladha yake.

Utashangaa kuletewa barua ya mkono na mtu wa kanisa, wakati wewe uliniuliza kwa sauti kwenye simu. Ujumbe wako niliupata tarehe 19 Oktoba saa nne asubuhi. Ulisema: mwezi wa Aprili tulikubaliana na Orpa kwamba nikirudi Desemba tumalize matanga ya mtoto wetu Shukrani aliyetupotea, pasta amekubali, hata wewe Wilondja umepewa kazi ya kusoma jina lake kanisani, sasa Orpa amekataa kabisa, hasemi sababu, wewe uko karibu naye, niulizie. Ni wiki tatu sijakujibu. Mara nne nilishika simu nikaanza kusema, nikafuta. Sauti yangu naijua, kaka. Ikishika jambo inaanza kulipamba. Kwenye karatasi, nikikosea nakata kwa mstari, na mstari unaonekana.

Sikuhitaji kumuuliza Orpa. Sababu ninaijua. Naomba usome mpaka mwisho, usiruke.

Banda la video la Niyibizi unalifahamu, lile lenye turubai mbele ya kisima. Tangu ulipoondoka nimekuwa mfasiri pale. Filamu inasema Kiingereza, mimi nasimama kando ya skrini na mikrofoni, nawaambia watu kwa Kiswahili kinachoendelea. Kazi hii inanipa jina. Vijana wakiniona njiani wananiita kwa sauti za watu wa filamu, na baadhi yao husema wazi kwamba hawaji kuona picha, wanakuja kunisikia mimi. Nilipenda kusikia hivyo. Naliandika na hilo ili lisibaki pembeni.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni Niyibizi alileta filamu kwenye flash, hakuna aliyekuwa ameiona. Ni habari ya mama mmoja mpishi aliyepotezana na mtoto wake wa kiume katika mafuriko, akamtafuta miaka mingi kutoka mji hadi mji. Ilikuwa filamu ya polepole. Mama anaosha masahani, mama anapanda basi, mama anakaa. Nikaona watu wanaanza kupiga miayo, basi kila yule mama alipogeuka nyuma, mimi nilisema askari wanamfuata. Askari hawakuonekana hata mara moja, lakini banda zima liliwaona. Watu walipiga kelele akimbie.

Orpa alikuwa ameketi benchi la pili. Huwa haji, unajua mwenyewe. Siku ile Solange wa vitenge alimvuta kwa nguvu, akimwambia hii ni habari ya mama kama wewe.

Karibu na mwisho, mama wa filamu alifika mbele ya nyumba yenye mlango wa buluu, akabisha. Mlango ukaanza kufunguka. Hapo skrini ikawa nyeusi. Nakala ilikuwa imekatika. Watu wakaanza kupiga miluzi, na Niyibizi kule kwenye jenereta akanionyesha kwa mkono: endelea. Mikrofoni ilikuwa inawaka. Nikatazama benchi la pili, nikamwona Orpa amejishika shavu, anasubiri. Nikaendelea, kana kwamba sauti ya filamu bado naisikia. Nilisema mlango umefunguka, ametoka kijana mrefu mwenye kovu juu ya jicho, amemtazama yule mama, amesema: "Mama, umechelewa." Halafu nikanyamaza kidogo, kama anavyofanya mhubiri. Banda lililia, Émile. Wanaume walilia. Kwa miezi miwili neno hilo lilitembea kambini kote. Hata waendesha baiskeli za kabaza walimwambia abiria wa kike anayekawia kutoka, "Mama, umechelewa," na watu wakacheka.

Usiku ule katika daftari langu, lile ulilokuwa unanichekea kwamba naandika hata siku niliyokata kucha, niliandika hivi: "Watu 61. Sauti nzuri. Mwisho ulipendwa." Sikuandika kwamba mwisho ulikuwa wangu.

Orpa alichukua ule mwisho akaenda nao nyumbani. Mwanzoni mwa filamu maandishi yalisema ni habari iliyotokea kweli, na mimi mwenyewe niliyasoma kwa sauti. Kwa hiyo kwake yule kijana wa mlangoni alikuwa mtu kweli, anaishi mahali, na mama yake alimpata. Unakumbuka baadhi ya wamama walianza kumwita Mama Arlène, ili jina la Shukrani lisimuumize. Mwezi wa Julai aliwakataza. Nilisikia, nikarudi kwenye mikrofoni.

Sasa nafika kwenye sinema yenyewe. Mwisho wa Septemba Narcisse mshonaji alikwenda soko la Tsoka kununua uzi, akaona tangazo ukutani: yule mama, ule mlango. Filamu ile ile imefika ukumbi mkubwa wa Lilongwe. Alirudi nayo kama habari ya harusi. Alisema tutaiona kwenye skrini kubwa kama ukuta wa kanisa, bila jenereta kukohoa. Solange, mchumba wake, alitaka kuona askari vizuri. Orpa alisema anataka kuona uso wa yule kijana, maana siku ile skrini ilikuwa imezima. Alisema hivyo kwa upole, bila kunilaumu.

Nilijaribu kuwazuia. Nilisema ni mbali, Kiingereza chao ni kigumu, kupata ruhusa ya kutoka kambini ni shida. Narcisse akanicheka kwamba mfasiri anaogopa kukosa kazi. Lakini hata mimi nilitaka kwenda. Mwisho wangu nilikuwa nimeurudia mara nyingi mpaka nilianza kuamini kwamba hata watengenezaji wa filamu lazima walifikiri kama mimi.

Tulikwenda Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba, kipindi cha saa nane mchana. Orpa alivaa kile kitenge cha buluu ulichomtumia. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, viti vinajikunja vyenyewe, na Solange alikaa mara mbili kabla kiti hakijamkubali. Taa zilipozimwa tulingoja. Nadhani wote wanne tulingoja mikrofoni. Haikuja. Watu walikaa kimya kama wako kwenye mtihani. Yule mama alipopanda basi lisilo lake, Orpa alimwambia kwa sauti, kama tunavyofanya kwa Niyibizi, asipande, na vichwa vya mbele vikageuka. Akajikunja kwenye kiti.

Saa nzima ikapita. Solange akauliza kwa kunong'ona askari wako wapi. Narcisse akamjibu pengine bado wanafunga viatu. Walicheka, na baada ya hapo waliacha kutazama. Filamu ilikuwa nzuri, Émile. Ukimya wa yule mama ulikuwa na uzito wake. Lakini mtu aliyeahidiwa wali hawezi kuusifu ugali wa nsima, hata ukipikwa vizuri namna gani. Wenzangu walikuja kuona filamu yangu, na ile nyingine hawakuipa nafasi. Walipotoka Solange alisema haina chumvi, ya Wilondja ndiyo ilikuwa na chumvi. Na mimi, pamoja na yote niliyokuwa nimefanya dakika kumi kabla, nilifurahi kusifiwa.

Hayo ya dakika kumi kabla ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

Orpa alikuwa kushoto kwangu. Mlango wa buluu ulipofunguka, hakutoka kijana. Alitoka bibi mzee. Alimtazama yule mama kwa muda mrefu, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, chini ya mti mdogo. Pale kulikuwa na kaburi fupi lenye mawe meupe. Bibi akasema maneno machache. Orpa alinishika mkono wa shati, akaniuliza amesema nini, na kijana yuko wapi.

Nilikuwa na nafasi. Giza lilikuwa limenificha uso, na mtoto wa filamu alikuwa amekufa bila mimi kumuua. Nilichotakiwa ni kufanya kazi yangu, kutafsiri. Badala yake niliinama sikioni mwake, nikamwambia kwamba bibi anasema hilo ni kaburi la mtoto wake mwenyewe. Na kwamba anamwambia yule mama: mtoto wako yuko hai, alikwenda mji mkubwa, endelea kumtafuta. Nikaongeza kwamba itaonekana sehemu ya pili. Orpa akashusha pumzi. Akasema polepole: "Njo maana sikumuona."

Nisijitetee kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuwepo, kidogo. Iliyokuwa nyingi ni hofu kwamba angejua nilimdanganya siku ile ya Juni, na sauti yangu ingekosa thamani.

Tulilala mtaa wa Kawale kwa Cécile, shangazi yake Narcisse, ambaye huuza nguo Tsoka. Wakati wa kula Orpa alimsimulia filamu yote. Alipofika kwenye kaburi alisema maneno niliyomwambia, neno kwa neno, hata sehemu ya pili. Kisha akamwomba Cécile, kwa kuwa sokoni anaona watu wengi, awatazame vijana wa miaka kumi na mitatu wanaotoka kwetu, wa kwake ana alama ya moto kwenye kiwiko cha kulia. Cécile akaahidi. Narcisse alitazama sahani yake. Mimi nilikula, nikaomba niongezewe mboga.

Nilimsahau Narcisse, kwamba amemaliza sekondari hapa hapa Malawi na alikaa kulia kwangu. Jumatatu nilipopita kwenye cherehani yake hakuinua kichwa. Alisema: "Kiingereza cha ule bibi kilikuwa nyepesi, Wilondja. Hata mi nilisikia. We njo utamuambia. Mi siingie kati." Akaendelea kushona.

Nilikaa mwezi mzima. Katikati ujumbe wako ukaja. Alhamisi iliyopita, tarehe 6, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwako. Orpa alikuwa anachambua dagaa wa usipa kwenye ungo. Nilimwambia yote bila kupamba: nakala iliyokatika, askari wasiokuwepo, kijana wa mlangoni, na yale ya sikioni. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: yule bibi alisema nini kweli. Nikamwambia. Bibi alisema: "Hakufa peke yake. Nilimshika mkono, nikamwimbia wimbo wa mtoto wangu, kwa sababu wa kwake sikuujua."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Unakumbuka mzee wa Mboko, kule kwetu ziwani, aliyekuja Aprili kabla hamjapanga matanga, aliyeapa kwamba alimwona Shukrani kwenye mtumbwi uliozama, na kwamba ndani yake mlikuwa na wamama wanne. Orpa hakuwahi kulizungumza tena tangu siku ile. Sasa alisema, akitazama usipa wala si mimi: "Mule mtumbwi mulikuwa bamama bane. Moja wao atakuwa alimushika." Alilia hapo, Émile, bila kelele, kwa muda mrefu, na Arlène akaja akakaa kwenye mguu wake. Halafu akanitazama. "Neno zuri vile. Juu ya nini ulininyima?"

Akaniambia niende.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: mke wako hakukataa kwa ukaidi wala hakuacha kukusikiliza. Alimwamini rafiki yako. Nimemwomba radhi, na sasa nakuomba wewe. Usinijibu upesi kwa kuwa tu tumetoka mbali pamoja. Kwa Cécile nitakwenda mwenyewe Jumatano, nimwambie aache kutazama viwiko vya watoto wa watu. Kwa Niyibizi nimerudisha mikrofoni. Ameshapata kijana mwingine, wanasema ni mzuri.

Orpa hajanisalimu tangu Alhamisi, na ana haki. Lakini jana alimtuma Solange na maneno ya kukuandikia, nami nayaandika kama nilivyoyapokea, bila kuongeza wala kupunguza. Anasema uje Desemba kama mlivyopanga. Anasema wamama waendelee kumwita Mama Shukrani hata baada ya matanga, jina hilo halizikwi. Na siku ile kanisani jina la mtoto ulisome wewe baba yake, hata kama utalia, hata kama hutasikika nyuma. Wilondja asilisome.

Nisalimie jamaa wote wa huko, na yule mwenye duka anayekupa mahali pa kulala. Mama anasema ukija usisahau kumletea sabuni ile ya miche mirefu. Mungu akulinde njiani, Baba Shukrani, akufikishe kwako.

Ni mimi,
Wilondja